Mbio za milimani hazipotei mlimani, zinapotea kwa fundi

KILA anayefuatilia mbio za baiskeli za milimani ameshaiona picha hii. Dogo yuko vizuri, pumzi ipo, miguu inasukuma. Wenzake wawili wameshaanza kuhema kama wamebeba magunia. Anasimama juu ya pedeli ili awaache kwenye kilima cha mwisho, halafu ghafla, kraa! Cheni imeruka meno. Goti linagonga usukani, baiskeli inalala, kundi linapita.

Mashabiki wanasema ana mkosi. Kocha anasema mbio ndivyo zilivyo. Dogo anainua baiskeli, anaanza kuikokota kurudi mjini, na Jumatatu yake anarudi kwenye mazoezi kuongeza kilomita, kana kwamba tatizo lilikuwa miguu.

Miguu haikuwa na shida. Cheni ile ilikuwa imekufa miezi mitatu kabla ya mbio, na hakuna mtu klabuni aliyeipima.

Huu ndio ukweli ambao mchezo huu hapa Afrika Mashariki hautaki kuusikia. Vijana wenye mapafu wapo. Milima ipo ya kumwaga, kuanzia Lushoto, Marangu na Uluguru hadi Ngong na Iten kwa majirani. Kinachokosekana si kipaji wala kilima. Kinachokosekana ni nidhamu ya spana. Klabu inajua mchezaji wake anakimbia kilomita ngapi kwa wiki, lakini haijui pedi zake za breki zimebaki na unene gani. Halafu inashangaa matokeo.

HATA OLIMPIKI ILIAMULIWA NA GURUDUMU

Anayedhani ufundi ni mambo ya pembeni aangalie Olimpiki ya Paris 2024. Kwenye mbio za wanaume kilima cha Élancourt, Tom Pidcock wa Uingereza alikuwa mbele akapata pancha ya gurudumu la mbele. Akajikokota hadi eneo la mafundi, akabadilishiwa gurudumu, akapoteza zaidi ya nusu dakika. Alirudi akapambana hadi mzunguko wa mwisho na kuchukua dhahabu mbele ya Mfaransa Victor Koretzky. Shaba ilikwenda kwa Mwafrika, Alan Hatherly wa Afrika Kusini, ambaye mwaka huohuo alitwaa pia ubingwa wa dunia.

Siku moja kabla, kwenye mbio za wanawake, Puck Pieterse wa Uholanzi alikuwa kwenye nafasi ya medali. Akapata pancha. Akamaliza wa nne.

Hao ni watu wenye mafundi wa kulipwa, magari ya vifaa na magurudumu ya akiba yamepangwa kama sahani za harusi. Bado pancha moja iliwatoa jasho. Sasa fikiria dogo wa Moshi au Morogoro ambaye akiba yake ni tyubu moja yenye viraka vinne.

Tena sheria za mchezo huu hazina huruma. Kwenye mbio za milimani za Olimpiki, mchezaji haruhusiwi kubadilisha baiskeli katikati ya mbio. Aliyoanza nayo ndiyo atakayomaliza nayo. Msaada wa fundi unatolewa kwenye maeneo yaliyotengwa tu. Ukiharibikiwa nje ya hapo, unatengeneza mwenyewe kwa spana ulizobeba au unaikokota.

Maana yake ni nyepesi. Ufundi ni sehemu ya mchezo, kama kupiga penalti ilivyo sehemu ya soka. Mchezaji asiyejua kuunga cheni ni sawa na straika asiyejua kupiga kichwa. Anaweza kufunga, lakini kuna siku atawaangusha wenzake.

CHENI: MUUAJI ANAYENYAMAZA

Tuhuma ya kwanza iende kwa cheni, kwa sababu ndiyo inayoua mbio nyingi na ndiyo inayodharauliwa zaidi.

Cheni haikatiki kwa sababu imezeeka umri. Inaliwa. Kila pini inapozunguka ndani ya kiungo chake inasagika kidogo, na cheni nzima inakuwa ndefu. Ikirefuka, haikai tena sawasawa kwenye meno. Inaanza kuyachonga meno ya nyuma hadi yanakuwa makali kama mapezi ya papa. Hapo ndipo inaruka ukisimama kwenye pedeli.

Kuipima hakuhitaji mashine ya Ulaya. Chukua futi ya chuma ya seremala yenye inchi. Rula ya shule haitoshi, maana inaishia sentimita 30 na unahitaji kidogo zaidi ya hapo. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Kwa cheni mpya, katikati ya pini ya 24 inaangukia kwenye inchi 12 kamili. Ikiwa imevuka kwa sehemu 1 kati ya 16 ya inchi, cheni imerefuka kwa asilimia 0.5 na muda wake umefika. Kwa baiskeli zenye gia 11 au 12 nyuma, usisubiri zaidi ya hapo. Za gia 8, 9 au 10 zinaweza kuvumilia hadi asilimia 0.75. Ikivuka kwa sehemu 1 kati ya 8, usijidanganye, kaseti ya nyuma nayo imeshaliwa.

Hesabu yake ni ya duka la mangi. Cheni ni bei ndogo, kaseti ni bei kubwa. Ukibadilisha cheni mapema, kaseti moja inaweza kutumika na cheni mbili, tatu. Ukibana hela ya cheni, unanunua vyote kwa mpigo. Wahenga walishasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hawakuwa wanazungumzia nyumba tu.

Wengi huwa wanastukia wakati wameshachelewa. Anafunga cheni mpya, anatoka na furaha, akifika kilimani inaruka kuliko ile ya zamani. Anamlaumu fundi, anamlaumu muuza duka, anasema ni feki. Si lazima iwe feki. Kama inaruka kwenye gia moja au mbili tu, tena zile anazozipenda kila siku, basi hayo meno ndiyo yaliyoliwa na hayaivani na cheni mpya. Kama inaruka kwenye gia zote, tafuta kiungo kilichokaza, au waya wa gia, au kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia mkono wa gia wa nyuma kwenye fremu. Kipande hicho kimetengenezwa laini makusudi ili kipinde chenyewe na fremu isivunjike. Baiskeli ikianguka upande wa kulia mara moja tu, kinaweza kuwa kimepinda kiasi ambacho jicho halioni, lakini gia zinaona.

Halafu kuna ule utamaduni wa oili chafu. Karibu kila kijiwe cha mafundi kuna kopo la oili iliyomwagwa kutoka kwenye pikipiki au gari, na kila baiskeli inayopita inapakwa bure. Kinachotolewa bure pale ni msasa. Oili ile ni nzito, ina unga wa vyuma, na inanasa vumbi lote la barabara ya Dodoma. Cheni inakuwa nyeusi, inang'aa, mwenyewe anaona raha, kumbe inasaga ndani kwa ndani.

Dawa ni rahisi. Futa cheni kwa kitambaa kikavu kila baada ya safari ya vumbi. Tia tone moja la oili nyepesi ya cheni kwenye kila kiungo, zungusha pedeli, subiri kidogo, halafu futa iliyobaki nje. Cheni inatakiwa ilowe ndani, iwe kavu nje. Inayochuruzika imelishwa uchafu.

TAIRI ZA 28 NA MTEGO WA NAMBA

Twende kwenye tairi, ambako watu wanapigwa kila siku na hakuna anayewaibia. Wanajipiga wenyewe.

Namba za tairi za baiskeli ni mtego. Mtu ana baiskeli ya mlimani ya 29. Tairi limechanika, duka halina 29. Muuzaji anamwambia, "Kaka, chukua hili la 28, ni dogo kidogo, litavutika." Ni tairi la zile baiskeli nyeusi za mizigo, 28 kwa 1 na nusu. Anafika nyumbani, linaingia kirahisi mno. Limelegea! Tairi la 28 limekuwa kubwa kuliko ringi ya 29.

Si uchawi. Ringi ya 29 ina kipenyo cha milimita 622 pale tairi linapokaa. Ile ya baiskeli nyeusi ya 28 ina milimita 635. Namba ya inchi ni jina la biashara tu. Namba ya kweli imeandikwa ubavuni mwa tairi kwa milimita, mfano 57-622. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo. Baiskeli za milimani za 27.5 ni 584, za 26 ni 559. Na hata 26 zina mtego wake, kwa sababu baiskeli nyingi za mtumba za mjini kutoka Japani zina 26 kwa 1 na 3/8, ambayo ni milimita 590. Haiingiliani kabisa na 26 ya mlimani.

Kwa hiyo mchezaji asinunue tairi kwa kumsikiliza muuzaji. Asome ubavu. Namba ya pili ikilingana, ananunua. Isipolingana hata kwa milimita 1, anaacha.

Upepo nao ni ugonjwa. Vijana wengi wamelelewa kwenye baiskeli za kubeba maji na mkaa, ambako tairi linajazwa hadi linakuwa jiwe. Wanahamisha tabia hiyo mlimani. Tairi gumu kwenye mawe linadunda, halishiki, na mchezaji anapoteza nguvu kwa kurushwarushwa. Ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni ni kikomo cha juu, haikuwekwa kama agizo. Kwa tairi pana la inchi 2.2 na mtu wa kilo 65 au 70, wengi wanaotumia tyubu huishia kati ya PSI 25 na 32, wasiotumia tyubu wanashuka zaidi. Ukishusha kupita kiasi ukiwa na tyubu, ringi inagonga jiwe na kuibana tyubu, unapata matundu mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka. Ukiona matundu mawili ya namna hiyo, usitafute mwiba. Ongeza upepo.

Ukiona tundu moja, tafuta mwiba. Na hapa ndipo watu wanapata pancha tatu kwa siku moja na kusema wamerogwa. Wanabadilisha tyubu bila kupitisha vidole taratibu ndani ya tairi. Mwiba wa mgunga umekatikia ndani, unasubiri tyubu mpya. Katika nchi ya migunga, yule anayeweza kumudu tairi zisizo na tyubu zenye gundi ya maji ndani afanye hivyo, maana tundu dogo la mwiba linajiziba lenyewe huku gurudumu linazunguka. Lakini akumbuke gundi hukauka, na joto la huku hulikausha haraka zaidi. Aliyeitia miezi sita iliyopita na hajaiangalia tena, ana tairi tupu lenye maganda.

BREKI SI MAHALI PA KUBANA HELA

Mpaka hapa gharama ni muda na hela. Kwenye breki gharama ni meno, bega, na pengine zaidi. Hapa ndipo utani unatakiwa kuisha.

Mteremko wa kutoka Lushoto kwenda Mombo si wa kujaribia pedi zilizoisha. Una kona juu ya kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine hewa. Mchezaji anayeshuka kule na breki za kubahatisha anacheza kamari na mama yake mzazi bila kumwambia.

Kwa breki za mafuta, dalili zinasomeka. Ukishika mkono wa breki ukawa laini kama sponji, na ukiupampu mara mbili tatu unakaza, kuna hewa kwenye mfumo. Inatakiwa itolewe, basi. Ukishika ukawa mgumu vizuri lakini baiskeli haisimami, tatizo ni pedi au sahani ya breki, mara nyingi imeingia oili. Na oili hiyo mara nyingi ni zawadi ya fundi aliyesikia breki inapiga kelele akaamua kuipulizia dawa ya kutu. Kelele ikaisha. Breki nayo ikaisha.

Sahani ya breki haipakwi mafuta ya aina yoyote. Inafutwa kwa spiriti na kitambaa safi. Pedi zilizonywa oili hazirudi kuwa mpya kwa kuchomwa kwenye jiko la mkaa, hata kama kijiwe kizima kinaapa. Zitupwe. Pedi zilizobakiza nusu milimita ya nyama nazo zitupwe. Sahani nyingi zimechapwa unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Za Shimano huandikwa milimita 1.5. Ikifika hapo, inabadilishwa.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuchanganya mafuta. Shimano hutumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM hutumia mafuta ya DOT, ya ukoo mmoja na yale ya breki za gari. Haya mawili hayaoani. Ukimimina DOT kwenye breki ya mafuta ya madini, raba za ndani zinavimba na kuharibika, na breki inaweza kukuacha siku ambayo hukutegemea. Kabla fundi hajafungua kizibo, asome kilichoandikwa kwenye mkono wa breki. Kama hajui, asimimine. Na yule anayesema mafuta ya kupikia yanafanya kazi vilevile, apewe baiskeli hiyo ashuke nayo yeye kwanza.

Asiyemudu breki za mafuta asione aibu kufunga za waya. Breki ya waya yenye pedi nzima na waya usio na kutu ni bora mara mia kuliko ya mafuta iliyochakachuliwa. Waya mpya unapatikana kila mji, na unabadilishwa kwa spana mbili.

GIA 12 ZA SIFA

Sasa kwenye uchaguzi wa vipuri, ambako kuna ugomvi wa kweli.

Vijana wanataka gia 12. Wanaona kwenye video wakali wa dunia wana meno moja tu mbele, na kaseti ya nyuma kubwa kama sahani ya ubwabwa, kuanzia meno 10 hadi 51 au 52. Hoja yao ina mashiko. Ukiondoa gia za mbele umeondoa waya mmoja, mkono mmoja, na sababu moja ya cheni kudondoka. Mlima mkali unapandika. Hakuna anayebisha hilo.

Lakini swali halitakiwi kuwa kipi kinapanda vizuri siku kikiwa kipya. Swali ni kipi kitakuwa kizima siku ya mbio za mwezi wa nane. Kaseti hizo kubwa za gia 12 zinazoanzia meno 10 hazikai kwenye gurudumu lolote. Zinahitaji ekseli ya nyuma yenye umbo lake maalumu, na kampuni hii ina la kwake, ile ina la kwake. Ikiharibika Njombe au Babati, hakuna duka la kukimbilia. Unaagiza nje, unasubiri, msimu unapita.

Baiskeli ya gia 9 ya mtumba haina mbwembwe. Ila cheni yake inapatikana, kaseti yake inapatikana, na vipuri vyake vya Shimano vya barabarani na vya mlimani vinaelewana kwa kiasi kikubwa. Ukihamia gia 10, maelewano hayo yanavunjika. Mkono wa gia wa barabarani na ule wa mlimani unavuta waya kwa kipimo tofauti, na hapo ndipo mtu anakesha akizungusha skrubu za marekebisho bila kujua kwamba vitu vyenyewe havikuumbwa kuishi pamoja.

Kwa hiyo, kwa mchezaji wa kawaida wa ukanda huu, asiye na mdhamini wala mzungu wa kumtumia boksi, gia 9 nzima inashinda gia 12 kilema. Anayeona hilo ni wazo la kizamani ahesabu ni wangapi walioanza mbio na baiskeli za maana wakazimaliza wakiwa wameziweka begani.

Kanuni ya kununua mtumba nayo isianzie kwenye rangi wala jina la kampuni. Ianzie kwenye maswali. Gurudumu ni 622, 584 au 559? Nyuma kuna kaseti inayochomekwa au ni ile friwili ya kufungwa kwa nyuzi? Gia ngapi? Shokapu za mbele zikibonyezwa zinarudi, au zimekufa na kuvuja? Ukishika breki ya mbele na kusukuma baiskeli mbele na nyuma, usukani unagonga? Ukishika pedeli na kuivuta pembeni, inacheza? Fremu ina ufa karibu na maungio? Muuzaji akikasirika kwa maswali hayo, ameshakujibu.

HELA IPO, INAKWENDA KWINGINE

Utetezi unaosikika kila mara ni kwamba hela hakuna. Kwa mchezaji mmojammoja, hilo ni kweli na halihitaji kejeli. Kijana anayeosha magari ili anunue tyubu haambiwi habari za kaseti mpya kila msimu.

Lakini kwa klabu na waandaaji, utetezi huo una matundu. Klabu inapata mfadhili mdogo, kitu cha kwanza ni jezi zenye majina mgongoni. Cha pili ni bango. Cha tatu ni chakula cha wageni. Boksi la spana halipo hata kwenye orodha. Bei ya jezi chache za klabu nzima ingeweza kununua kitoa pini cha cheni, kipimo cha cheni, seti ya spana za L, pampu yenye geji na boksi la tyubu. Vitu hivyo vingewahudumia wachezaji wote kwa miaka.

Waandaaji nao wana la kujibu. Mbio zinaanza saa 1 asubuhi, watu wanapewa namba, mgeni rasmi anapeperusha bendera. Nani ameshika breki za wale vijana kabla hawajaachiwa kwenye mteremko? Ukaguzi wa baiskeli moja hauzidi dakika 5: breki mbili zinashika, magurudumu yamekaza na hayayumbi, usukani hauchezi, tairi halina kidonda, kofia ngumu ipo kichwani. Asiyefaulu aende kwa fundi wa mashindano, akirekebisha arudi. Akishindwa, asianze. Atanuna, lakini atakuwa hai na amenuna.

Na fundi mwenyewe apewe heshima yake. Kwenye mchezo huu fundi anaitwa siku baiskeli imeshakufa, tena anaambiwa, "Fundi, fanya ya kishkaji basi." Hajapewa mafunzo, hajapewa vifaa, halafu analaumiwa. Ukimlipa kwa kiraka, atakupa kiraka.

Mfano wa kuigwa hauko mbali. Kule Kikuyu nje ya Nairobi, David Kinjah na kundi lake la Safari Simbaz wamekuwa kwa miaka mingi wakichukua vijana, wakiwafundisha kuendesha na kutengeneza kwa wakati mmoja. Baiskeli inafunguliwa, inasafishwa, inafungwa, kijana anajua kila boliti inakaa wapi. Kwenye mikono hiyo alipita mtoto mmoja mzaliwa wa Nairobi aliyeanza kwa baiskeli ya mlimani kwenye vilima vya huko, jina lake Chris Froome. Baadaye akashinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017.

Hakuna anayesema spana ndiyo iliyompa Froome mapafu. Ila kijana anayejua baiskeli yake anaisikia ikilalamika kabla haijagoma. Akisikia mlio mpya kwenye pedeli anashuka anaangalia. Asiyejua anaongeza sauti ya muziki masikioni.

ANZENI NA MAMBO MADOGO

Hakuna haja ya kusubiri shirikisho, wizara wala mfadhili kutoka nje. Klabu yoyote inaweza kuanza Jumamosi hii. Kila mchezaji alete baiskeli yake, cheni zipimwe kwa futi, zilizokufa ziandikwe. Pedi zikaguliwe, zilizoisha ziandikwe. Hela itakayopatikana ianzie kwenye breki, ifuate cheni, ifuate tairi. Jezi zikae mwisho wa foleni.

Halafu kila mchezaji, wa kike na wa kiume, afundishwe mambo manne hadi ayafanye akiwa amefumba macho: kuziba pancha, kuunga cheni, kurekebisha waya wa gia, kubadilisha pedi. Na asiruhusiwe kuanza mbio bila tyubu, pampu ndogo, kitoa pini, kiungio cha cheni cha akiba na spana za L mfukoni. Mzigo wote huo haufiki uzito wa chupa mbili za maji.

Siku hilo likifanyika, yule dogo atasimama tena juu ya pedeli kwenye kilima cha mwisho. Wenzake watakuwa wanahema, naye atasukuma kwa nguvu zake zote. Cheni itashika.

Hapo sasa ndipo nchi itajua kama ana miguu au hana. Mpaka leo hakuna anayejua, kwa sababu kila mara baiskeli ndiyo inayojibu kwa niaba yake.